Mashahidi wa Nyota Yenye Mkia

Kompyuta iliyolala ndani ya buti la gari usiku wa Januari, pande za Chicago, haiwashwi mara tu inapoingizwa ndani. Ukiitoa kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri ukaiweka katika chumba chenye hita, unyevu wa hewa ya chumbani hugeuka matone juu ya vyuma vyake, nje na ndani, na mwenye haraka akibonyeza swichi huweza kuiunguza mazabodi kabla hajaona hata herufi moja. Dawa yake ni kungoja saa nzima, wakati mwingine zaidi. Darubini nayo ina sharti hilo hilo, ila kinyumenyume. Ukiitoa kwenye joto na kuielekeza angani papo hapo, hewa ya moto iliyobaki ndani ya bomba lake huchezacheza mbele ya kioo, na sayari unayoitafuta hutetemeka usiweze kuitambua vizuri. Nayo yataka saa nzima ikae nje ipoe.

Hakuna aliyekaa akapanga, lakini klabu ya wapenzi wa kompyuta niliyojiunga nayo katikati ya miaka ya 1990, katika mji mdogo magharibi ya Chicago, iliendeshwa na masharti hayo mawili. Tulikutana Jumamosi moja kila mwezi, jioni, katika chumba kilicho chini ya maktaba ya mji. Kompyuta zikiingia, darubini zilitoka. Huku hizi zikipata joto na zile zikipoa kwenye maegesho ya magari, watu walikunywa kahawa, wakala donati, wakabishana. Kwangu mimi saa ile ya kungoja ndiyo iliyokuwa mkutano wenyewe. Yaliyofuata, ya kufungua makasha na kukopiana diski, yalikuwa nyongeza.

Mimi nilitoka nchi ambako kompyuta ilikuwa kitu cha nyuma ya mlango uliofungwa. Ya kwanza Tanzania iliwekwa Hazina mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Sisemi marufuku hayo hayakuwa na sababu, kwani fedha za kigeni zilikuwa chache na mashine zile zilizimeza bila huruma. Lakini tazama kalenda. Januari 1975, jarida la Popular Electronics la Marekani liliweka kwenye jalada lake Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande kwa chini ya dola 400, mnunuzi aiunge mwenyewe mezani kwake. Machi 5 mwaka huo huo, watu walikusanyika katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, wakaanzisha Homebrew Computer Club, na kijana mmoja aliyeitwa Steve Wozniak alikuwamo. Sisi tulifunga mlango wakati ule ule wenzetu walipokuwa wakiihamishia kompyuta gereji.

Kompyuta ya kwanza niliyoiona mimi, ukubwani, ilikuwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Viatu viliachwa nje, mtu mmoja alikaa kwenye kiti, na sisi wengine tulisimama nyuma yake mikono mgongoni. Ndiyo maana kilichonishangaza kule chini ya maktaba ni adabu ya kukaa. Mwenye mashine ndiye aliyesogea pembeni, na mwenye swali ndiye aliyeshika kibodi. Ukisema programu yako inafanya jambo fulani, huachwi ukalionyesha kwa mikono yako mwenyewe. Unamwachia mwenzako alijaribu, tena kwa makusudi anabonyeza pasipotakiwa. Siku za mwanzo niliona ni utovu wa heshima. Baadaye nikaona ndiyo heshima kubwa waliyokuwa nayo, maana hawakusumbuka namna hiyo kwa jambo ambalo hawakulijali.

Baridi yenyewe ilikuwa na mafunzo yake. Uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, uliwahi kupimwa nyuzi 33 chini ya sifuri, Januari 20, 1985, na wazee wa klabu waliitaja siku hiyo kwa fahari, utadhani wao ndio walioileta. Mimi nilidhani adui wa kompyuta ni yale ya kwetu: chumvi ya baharini, vumbi, ukungu, mende anayetaga ndani ya kasha. Huko nikakuta adui ni ukavu. Hewa ya baridi hubeba mvuke mdogo sana wa maji. Ukiiingiza ndani na kuipasha moto, hukauka kiasi cha kupasua midomo, na mtu akitembea juu ya zulia kwa viatu vya mpira hujaa umeme bila kujua. Cheche ya namna hiyo, ili uihisi kidoleni, yafaa ifike volti 3,000 hivi, na chipu huweza kufa kwa volti zisizofika mia. Maana yake unaweza kuua kibao cha kumbukumbu kwa kukigusa tu, usisikie chochote, kisha ukamlaumu aliyekuuzia. Kwa hiyo kabla ya kufungua kasha kila mtu aligusa kwanza chuma kitupu, na waangalifu zaidi walijifunga mkanda wa waya kwenye kifundo cha mkono. Nilirudi nyumbani na tabia hiyo. Dar es Salaam, mwezi wa Machi, fulana imelowa jasho mgongoni, nami bado nagusa chuma.

Theluji ilipozidi hata watu wakashindwa kutoka mapema, palisimuliwa habari ya Januari 1978. Tufani ya theluji ilikuwa imeifunika Chicago, na Ward Christensen, mfanyakazi wa IBM na mwanachama wa klabu ya jiji iliyoitwa CACHE, akajikuta amefungiwa nyumbani kwake. Akampigia simu mwenzake wa klabu, Randy Suess. Wakawaza juu ya ule ubao wa matangazo ambao watu hubandika vikaratasi, natafuta hiki, nauza kile, wakajiuliza kwa nini ubao wa namna hiyo usikae ndani ya kompyuta, mtu akaufikia kwa simu bila kukanyaga theluji. Suess akaunga vyuma, Christensen akaandika programu. Tarehe inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa mfumo wao, CBBS, ni Februari 16, 1978. Modemu za wakati ule zilipitisha biti 300 kwa sekunde, yaani herufi kama 30, mwendo ambao jicho huweza kuufuata huku herufi zikijipanga moja baada ya moja. Watu hupenda kusema kwamba teknolojia huondoa haja ya kukutana. Mfumo huu uliundwa na watu wawili waliokosa kukutana.

Ila mimi nilivutiwa zaidi na kitu alichokiandika Christensen mwaka mmoja kabla ya hapo. Simu za enzi zile zilikuwa na makelele, na faili lililotumwa kwa simu lingeweza kufika limeharibika herufi hapa na pale. XMODEM, programu yake ya mwaka 1977, ililikata faili katika mafungu ya baiti 128. Kila fungu lilisafiri na jumla yake. Mpokeaji alijumlisha upya kwa upande wake. Hesabu zikilingana alijibu kwamba amepata, zisipolingana alijibu rudia, na mtumaji hakusonga mbele hata hatua moja mpaka fungu lile limekubaliwa. Fundi mstaafu wa simu, mzee wa klabu yetu aliyekuwa pia na darubini kubwa kuliko zote, alinichorea haya yote nyuma ya bahasha. Nikacheka. Akauliza nacheka nini, nikamwambia habari za mjomba wangu.

Mjomba alikuwa nahodha wa jahazi, Pangani. Ukifika mwisho wa Shaabani tulisimama ukingoni mwa mto, tukitazama magharibi juu ya minazi, kungoja mwezi uandame. Daima palikuwa na mtu wa kupiga kelele kwamba ameuona. Hapo ndipo wazee, na mjomba akiwa mmoja wao, walipoanza kazi yao. Ulisimama wapi? Uliuona kulia au kushoto kwa pale jua lilipozama? Pembe zake zilielekea wapi? Nani alikuwa nawe? Mtoto mmoja aliwahi kujibu, kwa hamu ya sikukuu, kwamba pembe zilitazama chini. Akarudishwa kwao kwa upole, kwa sababu pembe za mwezi hulipa jua kisogo, na jua likiwa limeshazama chini ya upeo haziwezi kutazama chini. Hawakumwita mwongo. Walimwambia tu arudie kesho.

Fundi wa simu aliipenda habari hiyo kuliko nilivyotarajia. Tangu siku ile, kila niliposema nimeona kitu, angani au kwenye skrini, aliniuliza pembe zake zilielekea wapi.

Anga la kule lilinipa kazi. Toka utotoni nilijua Kilimia, maana kwetu wakulima na mabaharia walikisoma pamoja na mvua: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Lakini Nyota ya Kaskazini sikuwahi kuiona hata mara moja. Kwetu, chini ya ikweta, iko nyuma ya upeo. Pale iko juu nyuzi 42, sawa na latitudo ya mahali ulipo, na haisogei usiku kucha, nyota nyingine zikiizunguka. Mara ya kwanza niliitazama kwa mashaka. Nilikuwa nimezoea nyota zinazofanya safari. Tena usiku wa baridi kali kabisa, hewa ikiwa imetulia, chembe za barafu zilielea juu ya maegesho, na kila taa ya barabarani ikasimamisha nguzo ya mwanga juu yake hadi mbinguni. Mgeni akiona hivyo hawezi kulaumiwa akidhani mambo yamekwisha. Wenzangu wenyeji walipita chini yake wakitafuta funguo za magari.

Ramadhani moja iliangukia Januari 1997. Jua lilizama kabla ya saa kumi na moja jioni, na saumu ya Chicago ikawa fupi kuliko zote nilizowahi kufunga. Kwenye mkutano wa mwezi huo nilipeleka tende, zikaisha kabla ya donati, nami sikuficha furaha yangu.

Katika mkutano huo huo mtu mmoja alikuja na picha aliyoichapisha kutoka kwenye intaneti. Kometi Hale-Bopp ilikuwa ikisubiriwa na dunia nzima, na Novemba 1996 mpiga picha wa ridhaa wa Houston alikuwa ametangaza redioni kwamba ameona kitu king'aacho kando yake, chenye umbo la Zohali na pete zake, kitu ambacho hakikuwemo kwenye ramani ya nyota ya kompyuta yake. Kufikia Januari uvumi ulikuwa umekomaa. Ni chombo, kinaifuata kometi, na wenye mamlaka wanaficha.

Chumba kilichemka. Fundi hakubishana na mtu. Aliomba kwanza tarehe na saa ya picha. Mashine yake ikiwa imeshapata joto, akafungua programu ya nyota, akairudisha nyuma hadi usiku ule wa Novemba, akamwachia kibodi yule aliyeleta picha. Kometi ilikuwepo, na kando yake palikuwa patupu, kama mpiga picha alivyosema. Ndipo akamwelekeza kwenye mpangilio unaoamua programu ionyeshe nyota hafifu kiasi gani. Akashusha kiwango, akashusha tena, na mahali pale pale ikatokea nyota, SAO 141894, ya kawaida kabisa, hafifu mno kwa macho matupu lakini si kwa darubini. Zile pete zilikuwa mwanga uliotawanyika ndani ya darubini ya mpiga picha.

Mleta picha hakuridhika. Alisema hata programu huandikwa na watu. Nilidhani fundi atakasirika, kumbe alikubaliana naye. Akasema hiyo ni hoja nzuri, basi tusiiamini. Kama kitu kile kinaifuata kometi, kitasogea nayo, na kama ni nyota, kitabaki pale pale. Kwa sasa kometi huonekana alfajiri tu, jioni hatuwezi kuiona, tungoje mwezi Machi twende nje. Alimwandika jina mleta picha kuwa wa kwanza kutazama.

Machi ikafika. Hapakuhitajika darubini. Kometi ilisimama chini upande wa kaskazini-magharibi giza lilipoingia, juu ya mapaa, na kila mwenye macho aliiona, hata waliotoka dukani na mifuko yao. Kwa darubini ya macho mawili ulitenganisha mikia miwili: wa gesi, mwembamba na wa samawati, na wa vumbi, mpana, mweupe wa kuelekea njano. Pale maegeshoni, tukipiga miguu chini kutafuta joto, fundi alitusimulia jinsi ilivyogunduliwa Julai 23, 1995, na watu wawili wasiojuana. Alan Hale, mwanaastronomia aliyekuwa akitazama kutoka nyumbani kwake New Mexico, alipeleka habari kwa barua pepe. Thomas Bopp alikuwa jangwani Arizona na marafiki, hata darubini hakuwa nayo, alichungulia ya mwenzake zamu yake ilipofika. Alipofika nyumbani akapiga telegramu. Barua pepe ilitangulia, lakini ofisi iliyopokea habari hizo huko Massachusetts iliwapa jina wote wawili, kwa kuwa kila mmoja alitaja mahali pale pale angani. Wenzangu walicheka telegramu. Mimi sikuona cha kuchekwa. Kwetu telegramu ilikuwa bado inaleta misiba.

Mleta picha alitazama wa kwanza, kama alivyoandikiwa. Kometi ilikuwa imeshavuka sehemu kubwa ya anga tangu Novemba, na hapakuwa na kitu chochote kinachoifuata. Alitazama muda mrefu, kisha akampisha aliyekuwa nyuma yake, wala hakuna aliyemcheka.

Machi 26 yalitangazwa yale ya Rancho Santa Fe, karibu na San Diego. Watu 39 wa kundi la Heaven's Gate walikuwa wamejiua, wakiamini kwamba nyuma ya kometi kuna chombo kilichokuja kuwachukua. Walikuwa watu wa kompyuta, riziki yao ilikuwa kutengeneza tovuti. Magazeti yaliandika kwamba walinunua darubini nzuri ili wakione chombo, kisha wakairudisha dukani, kwa kuwa kometi waliiona lakini kile walichokitafuta hakikuonekana.

Katika mkutano wa Aprili habari hiyo ya darubini ndiyo iliyotuziba midomo. Kifaa walikuwa nacho, na jibu kilishawapa. Walichokosa, nadhani, ni mtu wa nje ya nyumba yao wa kuwauliza maswali, aliyezoeleka kiasi kwamba kuulizwa naye si aibu. Watu 39 waliotazama pamoja walikuwa sawa na shahidi mmoja, maana wote walikuwa wameshakubaliana kabla ya kutoka nje. Nililisema hilo kwa sauti, katika Kiingereza changu cha wakati ule, na fundi akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema mashine zimeshapata joto.

Usiku huo nilichora kometi kwa penseli kama ilivyoonekana kutoka maegeshoni, mkia ukiwa umesimama juu ya paa la maktaba, nikaituma picha kwa mjomba pamoja na salamu. Jibu lilifika mwezi Juni, theluji imeshasahaulika na watu wanalalamikia joto. Mjomba aliandika kwa herufi zake kubwa:

“Mwanangu, mchoro nimeupokea. Rangi ulizoeleza nakubali, urefu nakubali. Mkia sikubali. Wewe umeusimamisha. Sisi huku, usiku mmoja mvua ilipopumzika, baada ya magharibi, tumeuona umelala kulia, upande wa kaskazini, kama tanga la jahazi lililolemewa na upepo. Tulikuwa watu wanne na majina yao ni haya. Wako ni nani?”

Niliitafsiri barua hiyo mbele ya klabu nzima. Fundi aliomba irudiwe. Halafu akafungua programu, akaweka Aprili, akaweka Chicago, na mkia ukasimama kama kwenye mchoro wangu. Akanipisha kwenye kiti. Nikaandika latitudo ya Pangani, nyuzi 5 na nusu hivi kusini mwa ikweta, nikabonyeza. Anga lote likapinduka kuelekea kulia. Nyota ya Kaskazini ikashuka ikapotea chini ya upeo, na mkia ukalala, kulia, upande wa kaskazini, sawasawa na alivyosema mjomba na wenzake watatu.

Watu wakapiga makofi, mmoja akauliza Pangani ni wapi hasa. Fundi hakupiga. Alikuwa ameishika barua, akiigeuza nyuma na mbele ingawa hakujua neno hata moja.

“Hajaandika kimo,” akasema. “Muulize ilikuwa saa ngapi hasa, na vidole vingapi juu ya ile minazi. Na mkono aliunyoosha, au aliukunja?”